Siri ya Moto wa Samawati

Jinsi stovu njema inavyochoma mafuta, na kwa nini nyingine hutoa masizi

Watu wengi waliosoma vitabu vyao kwa mwanga wa koroboi hudhani ya kuwa mafuta ya taa yenyewe ndiyo yanayowaka. Kwa kweli sivyo. Mafuta yakiwa bado ni majimaji hayawaki. Kinachowaka ni mvuke unaotoka juu yake baada ya kupata joto. Mafuta ya taa yaliyo safi hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la digrii 38 za Sentigredi au zaidi, na kwa sababu hiyo huweza kuwekwa nyumbani katika debe bila hatari kubwa. Petroli sivyo ilivyo. Hiyo hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi iliyo kali kuliko barafu.

Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo msingi wa kazi yote ya kutengeneza kichomeo, yaani ile sehemu ya stovu au ya tanuri inayotoa moto. Mtu aliyelishika vema ajua kwa nini stovu moja hupika kwa moto wa samawati usio na harufu, na nyingine hufuka moshi, hupaka sufuria masizi na kumaliza mafuta kabla ya mwezi kwisha. Ajua pia kwa nini nyumba nyingine zimeteketea pamoja na watu waliokuwa ndani. Basi elimu hii si ya mafundi peke yao, bali ni ya kila mwenye nyumba anayenunua mafuta kwa fedha yake.

HEWA HUTUMIKA KULIKO MAFUTA

Mafuta ya taa, petroli, dizeli na mafuta mazito ya viwandani yote ni ya ukoo mmoja. Wataalamu huyaita hidrokaboni, kwa kuwa yamejengwa kwa vitu viwili: haidrojeni, na kaboni ambayo ndiyo asili ya makaa. Mafuta yakiungua sawasawa, haidrojeni huungana na oksijeni ya hewani ikawa mvuke wa maji, na kaboni nayo huungana na oksijeni ikawa kaboni dayoksaidi. Ndiyo sababu sufuria ya maji baridi hutoka jasho kwa chini mara inapotelekwa juu ya stovu. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua yote hufanya maji karibu lita moja, ijapokuwa maji hayo hupaa hewani wala hayaonekani.

Lakini kinachowashangaza wengi ni wingi wa hewa inayotakiwa. Kilo moja ya mafuta ya taa huhitaji kilo 15 hivi za hewa. Lita moja ya mafuta hayo ina uzito wa gramu 800 hivi. Kwa hiyo yahitaji kilo 12 za hewa, ambazo pwani ni kama lita 10,000. Chumba chenye urefu wa meta 3, upana wa meta 3 na kimo cha meta 2 na nusu huchukua lita 22,500 za hewa. Kwa hesabu hiyo, lita moja tu ya mafuta hutumia oksijeni iliyomo katika karibu nusu ya hewa yote ya chumba hicho. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa meta 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita, na hivyo stovu huhitaji kuvuta hewa nyingi zaidi kwa chakula kile kile.

Hewa ikipungua, mambo mawili hutokea. Kaboni nyingine hukosa oksijeni kabisa, ikabaki kuwa vumbi jeusi, nalo ndilo masizi. Kaboni nyingine hupata nusu tu ya oksijeni iliyoihitaji, ikawa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humwua mtu usingizini. Kwa upande wa pili, hewa ikizidi mno huingia baridi na kutoka moto, ikachukua joto na kulipeleka darini badala ya chunguni. Basi kazi ya mtengenezaji wa kichomeo ni kuyageuza mafuta yawe mvuke, kuyapa hewa kwa kipimo chake, na kuvichanganya viwili hivyo vema kabla havijaungua.

KUTOKA UTAMBI HADI STOVU YA PAMPU

Haikuwa rahisi kuyapata mambo hayo matatu pamoja. Iliwachukua watu zaidi ya miaka mia. Katika mwaka 1780 Aimé Argand, mzaliwa wa Geneva, alitengeneza taa yenye utambi wa mviringo ulio wazi katikati, ili hewa iweze kupanda ndani na nje ya moto kwa wakati mmoja. Juu yake ulisimama mrija mrefu, yaani chemni. Hewa ya moto ilipopanda ndani ya chemni ilivuta hewa mpya kutoka chini, na taa ile ikatoa mwanga mkubwa kuliko taa zilizotangulia, tena kwa moshi mdogo. Kila taa ya chemni iliyopata kuwekwa juu ya meza ya karani ni kitukuu wa taa hiyo.

Wakati wa Argand hapakuwa na mafuta ya taa. Watu walichoma mafuta ya mimea na ya wanyama. Katika mwaka 1846 Abraham Gesner wa Kanada alionyesha mafuta mapya mepesi aliyoyapata kwa kupasha moto makaa ya mawe na kuukusanya mvuke wake. Katika mwaka 1853 Ignacy Łukasiewicz, mtengeneza dawa wa Lwów, mji ambao leo ni Lviv katika nchi ya Ukraine, aliwasha taa aliyoitengeneza kwa mafuta ya namna hiyo katika hospitali ya mji huo. Tena mwaka 1859 kisima cha mafuta kilichimbwa Titusville katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, na tangu hapo mafuta ya taa yakaanza kupatikana kwa wingi na kwa bei ambayo watu wa kawaida waliweza kuilipa.

Kwa njia nyingine mbali na hiyo, katika mwaka 1855 Robert Bunsen wa chuo kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, alitumia kichomeo cha gesi kilicholeta jambo jipya. Gesi ilipita katika bomba lenye matundu kwa chini, ikavuta hewa na kuchanganyika nayo kabla ya kufika mahali pa kuwaka. Moto wake haukuwa wa njano bali wa samawati, mkali, usio na masizi. Sababu ni hii: rangi ya njano ya moto wa mafuta hutokana na chembe ndogo sana za kaboni zinazong'aa kwa joto kabla hazijaungua. Mvuke uliokwisha kuchanganyika na hewa hauziachi chembe hizo nafasi ya kutokea. Kwa taa ya utambi, njano ni faida, kwa kuwa chembe hizo ndizo mwanga wenyewe. Lakini kwa stovu, njano ni hasara.

Aliyeyaunganisha mafuta ya taa na moto wa samawati jikoni ni fundi mmoja wa Stockholm katika nchi ya Sweden, jina lake Frans Wilhelm Lindqvist. Katika mwaka 1892 alitengeneza stovu ya shaba isiyo na utambi, yenye pampu, ikaitwa Primus. Stovu hiyo ilienea duniani upesi. Roald Amundsen na wenzake walikuwa nayo walipofika ncha ya kusini ya dunia mwezi wa Desemba 1911. Tena asubuhi ya tarehe 29 Mei 1953, katika kambi ya mwisho chini ya kilele cha mlima Everest, Edmund Hillary aliyeyusha viatu vyake vilivyoganda kwa barafu juu ya moto wa stovu ya mafuta ya taa, kisha yeye na Tenzing Norgay wakapanda mpaka kileleni. Mahali pale hewa ni kama thuluthi moja tu ya hewa ya pwani, na hata hivyo stovu iliwaka.

MOTO UNAOJIPIKIA CHAKULA CHAKE

Stovu ya pampu ina tangi la mafuta kwa chini, na juu yake kichwa cha shaba. Mpishi akipiga pampu, hewa hushindiliwa ndani ya tangi na kuyasukuma mafuta yapande bombani mpaka kichwani. Humo kichwani bomba hupindapinda kandokando ya moto, na mafuta yanapopita hapo hupata joto kali yakageuka mvuke. Mvuke huo hutokea katika kitundu chembamba sana, ambacho upana wake ni karibu thuluthi moja ya milimita. Kwa kuwa umebanwa, hutoka kwa kasi kubwa, na katika kasi yake huivuta hewa iliyo kando na kuchanganyika nayo. Mchanganyiko huo hugonga kofia ya chuma iliyo juu, ukatawanyika pande zote na kuungua kwa moto wa samawati.

Hapo ndipo ulipo ustadi wa chombo hiki. Sehemu ndogo ya joto la moto hurudi kichwani kuyageuza mafuta yanayofuata, na kwa hiyo moto hujipikia chakula chake wenyewe. Lakini hauwezi kuanza hivyo, kwa maana kichwa kikiwa baridi hakuna mvuke. Ndiyo sababu spiriti kidogo humiminwa katika kikombe kilicho chini ya kichwa na kuwashwa kwanza. Mpishi mwenye haraka ambaye hupiga pampu kabla spiriti haijakaribia kwisha hupata si mvuke bali mafuta majimaji, yanayoruka juu kwa ndimi ndefu za njano. Stovu si mbovu. Imelazimishwa kufanya kazi kabla ya wakati wake.

Vichwa vya stovu hizi ni vya namna mbili. Kimoja huvuma kwa sauti, kwa kuwa mvuke hugonga kofia iliyo bapa. Hicho hustahimili upepo. Cha pili ni cha kimya, kwa kuwa mchanganyiko hupita katika kofia zenye vitundu vingi vidogo, na moto wake huweza kupunguzwa kwa urahisi kwa chakula cha kuiva polepole. Karabai nayo hufuata sheria hiyo hiyo. Mafuta yake hugeuzwa mvuke na kuchanganywa na hewa, lakini moto wa samawati hauna mwanga; basi huvikwa kifuko cheupe cha chumvi za madini, ambacho kikipata joto hung'aa. Kifuko hicho kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria katika mwaka 1885.

Stovu ya tambi haina pampu, lakini nayo yataka mvuke na hewa. Tambi huyanyonya mafuta mpaka juu, joto huyageuza mvuke, na mvuke hupanda kati ya mikebe miwili yenye matundu mengi. Hewa huingia kwa matundu hayo kidogo kidogo, kila tundu na sehemu yake. Matundu yakizibwa na masizi, au mikebe ikikaa upande, mpango wote huharibika.

MAFUTA MAZITO YA GARIMOSHI

Mafuta mengine ni mazito kama asali, na kuyageuza yote kuwa mvuke ndani ya bomba ni kazi ngumu, kwani yangeacha ukoko mgumu na kuliziba. Hapo mafundi hutumia njia nyingine: huyavunja yawe matone madogo sana kama ukungu, ili kila tone lipate joto na hewa pande zote. Hesabu yake ni rahisi. Tone moja lenye upana wa milimita 1 likivunjwa kuwa matone ya sehemu moja ya kumi ya milimita, hupatikana matone 1,000, na eneo linaloguswa na hewa huongezeka mara kumi, ingawa mafuta ni yale yale.

Watu wa Afrika ya Mashariki waliiona kazi hiyo kwa macho yao, pengine bila kuijua. Injini kubwa 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester na kuanza kazi mwaka 1955, zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi kwa nguvu ya mvuke uliochemshwa kwa mafuta mazito. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na zilipewa majina ya milima. Katika injini za namna hii mafuta hupashwa joto kwanza ili yawe mepesi, kisha mvuke wa maji huyapuliza kwa nguvu yaingie tanuri kama ukungu. Mchochea moto mzuri hutazama bomba la moshi wakati wote: moshi mweusi ni fedha ya mafuta inayopotea angani. Injini hizo ziliondolewa kazini kufikia mwaka 1980, lakini moja, iitwayo Mount Gelai, huonekana katika jumba la makumbusho la reli, Nairobi.

KUSOMA MOTO

Kama mchochea moto alivyousoma moshi, ndivyo mwenye nyumba awezavyo kuusoma moto wa stovu yake. Moto wa samawati, mfupi na ulio sawa pande zote, ni dalili ya kazi njema. Moto ukiwa wa njano upande mmoja tu katika stovu ya pampu, mara nyingi kitundu kina uchafu. Husafishwa kwa sindano yake maalumu, wala si kwa waya wowote, kwa kuwa waya mnene hukipanua. Kitundu kilichopanuka hutoa mvuke mwingi kuliko hewa inayoweza kuvutwa, na tangu siku hiyo stovu haitaacha kutoa masizi mpaka kitundu kibadilishwe. Pampu isiyoshika mara nyingi imekaukiwa na ngozi yake. Tone moja la mafuta huilainisha.

Katika stovu ya tambi, tambi zote yafaa ziwe na kimo kimoja na ncha zilizoungua zikatwe. Mtu anayezipandisha sana ili apate moto mkubwa hujidanganya, maana huongeza mvuke bila kuongeza hewa.

Tena kichomeo chema chaweza kushindwa na upishi mbaya. Joto lililomo katika lita moja ya mafuta ya taa, kama lote lingeingia sufuriani, lingetosha kuchemsha kama lita 100 za maji. Hakuna stovu iwezayo kufanya hivyo. Nusu ya joto ikiingia sufuriani ni kazi nzuri. Lakini sufuria pana yenye kifuniko, iliyowekwa mahali pasipo upepo, huokoa mafuta ambayo sufuria ndogo iliyo wazi mlangoni huyapoteza. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mafuta haba na haba humaliza debe.

HATARI ISIYOSAMEHE

Hatari kubwa kuliko zote ni mafuta ya taa kuchanganywa na petroli, ama kwa makosa ama kwa tamaa ya mwuzaji. Petroli hata kidogo huondoa ule usalama wa digrii 38 uliotajwa mwanzoni. Tangi ambalo lingekuwa na mafuta tulivu huwa na mvuke wa kuripuka, na stovu iliyotumika salama kwa miaka huweza kuteketeza nyumba kwa siku moja. Mafuta yenye harufu kali isiyo ya kawaida, au yaliyochotwa katika chombo kilichokuwa na petroli, yasitiwe katika stovu wala taa.

Stovu isijazwe mafuta ikiwa inawaka au ikiwa bado moto. Stovu ya pampu ifunguliwe skrubu ya kutolea hewa kabla ya kifuniko cha tangi kufunguliwa, tena mbali na moto mwingine. Mafuta yaliyomwagika yakishika moto yasimwagiwe maji, kwa kuwa mafuta huelea juu ya maji na kuueneza moto; yafunikwe kwa mchanga au blanketi zito lililoloweshwa. Na dirisha liwe wazi wakati wote wa kupika, kwa sababu ya hesabu ile ya hewa ya chumba.

Katika mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri mafuta ya taa yasipendelewe kuwa nishati ya nyumbani, kwa ajili ya moshi wake unaodhuru mapafu na kwa ajili ya ajali za moto. Nyumba nyingi zimehamia gesi ya mitungi, ambayo hutoka mtungini ikiwa tayari ni mvuke na haihitaji spiriti. Hata hivyo kichomeo cha gesi nacho huvuta hewa kwa matundu yaliyo chini yake, kama kile cha Bunsen, na matundu hayo yakizibwa na mafuta ya chakula au utando wa buibui, moto hugeuka njano na sumu ile ile hutoka.

Chombo hubadilika lakini sheria haibadiliki. Mwenye nyumba akiona sufuria yake imeanza kuwa nyeusi kwa chini, asimlaumu mpishi kwanza. Masizi yale ni mafuta aliyoyalipia dukani yasiyopata hewa ya kuungulia. Achunguze kitundu, tambi na dirisha kabla ya kwenda kununua lita nyingine.